Kununua kamera: duka kubwa la punguzo au duka la vifaa vya picha?

Nuru_Asubuhi: Wadau, naomba ushauri. Nataka kamera na lenzi ya milimita 50. Duka kubwa la mtandaoni lina bei ya chini sana kuliko duka la vifaa vya picha. Aliyepata tatizo baada ya kulipa, alihudumiwaje?

Lenzi_Kongwe: Mimi niliponea chupuchupu. Nililipia usiku kwenye duka la punguzo, asubuhi nikapigiwa simu "kuthibitisha oda". Kijana akaanza kunipigia debe betri, chaja, mkanda wa shingoni. Nikamwambia hivyo vyote huja ndani ya boksi kutoka kiwandani. Akasema bei niliyoiona ni ya kamera tupu! Nilipokataa kuongeza hata senti, ghafla kamera ikawa "imeisha stoo". Kurudishiwa pesa kulichukua wiki mbili za kusumbuana. Ukipigiwa simu ya namna hiyo, futa oda hapo hapo.

Mama_Studio: Pole sana ndugu yangu, ila si yote yako hivyo. Lenzi yangu niliyoitoa duka la punguzo ilikuwa na kasoro. Nilipiga picha ukuta wa matofali, tundu la lenzi likiwa wazi kabisa: kona ya kulia mistari ya saruji inahesabika, ya kushoto imefifia kama imepakwa mafuta. Nikawatumia picha na risiti, wakanipa lebo ya kurudishia mzigo siku hiyo hiyo. Duka la kitaalamu nililonunua flashi lilinizungusha mwezi mzima. Kwa hiyo kamera ikifika, ijaribu siku ile ile, na boksi usilitupe.

Shata_1000: Nuru, kabla ya bei uliza waranti ni ya nani: ya mtengenezaji au ya duka lenyewe? Bei ikiwa chini kupita kiasi, mara nyingi mzigo umeingizwa nje ya wakala rasmi. Nikon ya Marekani, kwa mfano, haikarabati kamera za namna hiyo zikiharibika, hata ukiwa tayari kulipa. Linganisha pia namba ya utambulisho iliyo chini ya kamera na ile ya kwenye boksi.

Mama_Studio: Kweli kabisa. Na siku za kurudisha zinatofautiana. Umoja wa Ulaya unampa anayenunua mtandaoni siku 14 za kubadili mawazo. Kwingine unategemea masharti ya duka, kwa hiyo yasome, hasa ile ada ya kurudisha boksi lililofunguliwa.

Nuru_Asubuhi: Asanteni mno. Nimeyaandikia maduka yote mawili maswali yale yale: waranti ya nani, siku ngapi za kurudisha, nani analipa usafirishaji. Duka la picha wamejibu ndani ya nusu saa, kwa maandishi, swali kwa swali. Wale wa punguzo wamenitumia tu "ujumbe wako umepokelewa". Nawapa hadi kesho mchana, kisha nalipia kule kwa waliojibu.