Mdogo wangu kaitwa chuo cha Wakatoliki Marekani kwa sababu ya riadha. Aende au abaki akimbie? Naomba ushauri

Mwana_Mbulu
Wakuu heshima kwenu. Naandika kichwa kikiwa kimejaa, mnivumilie.

Nina mdogo wangu, kitinda mimba wetu, kamaliza kidato cha sita PCB na matokeo yake ni mazuri. Tangu shule ya msingi anakimbia, siku hizi mita 5,000 na mbio za nyika. Kocha wa chuo kimoja cha Kanisa kule Marekani alimfahamu kupitia paroko wetu, wakaongea kwa video, na sasa barua ya kumpokea imefika. Wanasema hawalei miguu tu, wanataka atoke mtu kamili: darasa, sala, kuhudumia jamii, na mbio. Atasoma falsafa na teolojia hata kama anachukua baiolojia. Jioni wanamichezo wa mwaka wa kwanza wanakaa kujisomea chini ya usimamizi, na ukishuka alama timu inasafiri bila wewe.

Shida yangu ni kwamba mguu una umri wake. Miaka minne anasoma falsafa huku wenzake wanavuna barabarani Ulaya! Simbu kaleta dhahabu ya dunia ya marathoni kutoka Tokyo 2025, na yeye ni mtu wa JWTZ, hakupita chuo cha Marekani. Mama anataka aende. Mimi ndiye mkubwa tangu mzee afariki, na chuo kinataka jibu mwisho wa mwezi.

Dada_Karatu
Mama ameshasema. Aende.

Mzee_wa_Seminari
Umenikumbusha mbali kijana. Seminarini kwetu mpira ulifungiwa kabatini kwa gombera, mkuu wa seminari, ufunguo anauning'iniza kwenye mshipi wa kanzu. Jumamosi anasimama mlangoni na daftari la alama za Kilatini, anaita majina. Hujaitwa, unakwenda shambani kupalilia mahindi. Winga wetu hodari alipalilia karibu muhula mzima, analia kabisa, sisi tunacheza. Leo ni daktari wa mifupa, na goti langu hili kalitibu yeye. Mapadre wanajua wanachofanya. Mpeleke.

Kiptoo_wa_Bonde
Huku kwetu hiyo si habari mpya, ndugu. Peter Rono alisoma St Patrick's Iten, mikononi mwa Bruda Colm O'Connell, yule Mwairishi aliyekuja 1976 kufundisha jiografia na baadaye akamlea Rudisha, bingwa wa mita 800. Kutoka Iten, Rono akaenda Mount St. Mary's, chuo cha Wakatoliki pale Maryland. Akiwa bado mwanafunzi akashinda dhahabu ya mita 1,500 Olimpiki ya Seoul 1988, na miaka 21 tu. Kwa hivyo hiyo hoja ya kusoma kuua mguu mimi siikubali. Kijana anakimbia 5,000 kwa dakika ngapi?

Neema_ya_Bwana
Mimi nahofia imani yake. Vyuo vya huko msalaba uko ukutani, bwenini ni mambo mengine. Aende na rozari na namba ya katekista.

Mdau_Maryland
Niko huku muda mrefu, niseme ninachokijua. Mutombo alitoka Kongo 1987 akitaka kuwa daktari. Georgetown, chuo cha Wajesuiti, kocha John Thompson akamwingiza kwenye kikapu. Huyo Thompson aliweka ofisini mpira uliotolewa upepo, ili kila mchezaji anayeingia akumbuke kwamba ipo siku mpira utaisha. Mutombo akahitimu 1991, isimu na diplomasia, ndipo akaenda NBA. Na 2007 akafungua hospitali Kinshasa yenye jina la mama yake. Malezi yenyewe ndiyo hayo.

Ila si raha. Januari saa kumi na moja alfajiri unafunga viatu theluji ikiwa nje, saa mbili una maabara. Viza ya mwanafunzi kwa kawaida inakuruhusu kazi za ndani ya chuo tu, zisizozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, kwa hiyo asitegemewe kutuma hela nyumbani.

Maswali mawili kwa mtoa mada. Chuo kiko daraja (divisheni) gani la NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani? Na kijana ameshasaini chochote na mtu, au kupokea hela ya mtu?

Mwana_Mbulu
Asanteni wote. Barua inasema NCAA Divisheni III, udhamini wa riadha, karibu kila kitu wanalipa. Hilo la pili sioni linahusiana vipi. Nimeuliza kuhusu masomo na mbio.

Mdau_Maryland
Linahusiana sana. Mwanariadha wa chuo akisaini na wakala wa kumtafutia mbio za fedha anaweza kuzuiwa kukimbia kwenye timu ya chuo. Jibu ndiyo au hapana.

Dada_Karatu
Kaka mbona kimya?

Mwana_Mbulu
Nilikuwa kazini. Haya, niseme. Mwezi wa pili alikuja wakala nyumbani, mtu mstaarabu, akaweka mezani milioni tatu taslimu. Mdogo wangu akasaini, mimi nikawa shahidi. Hela imeezeka nyumba ya mama na kumalizia ada ya dada yetu uuguzi. Mnaosema nimekosea mngelala mkiwa mnavujiwa? Wakala kaahidi mbio za Ulaya msimu ujao. Kwangu hiyo ni ahadi ya kueleweka, si falsafa.

Neema_ya_Bwana
Umemuuza mdogo wako kwa mabati. Esau aliuza kwa dengu.

Bodaboda_Msomi
Mabati geji 28 au 30? Kama ni 30, milioni tatu kwa nyumba na ada haijakaa sawa 😂

Mzee_wa_Seminari
Vijana acheni utani. Mtu akilipia paa la mama yake asisimangwe. Mimi mwenyewe niliacha seminari sababu ya paa.

Mpima_Chai
Wakuu mnachoshwa bure, hii ni chai. Divisheni III hawatoi udhamini wa riadha hata senti, ni kanuni yao. Divisheni I na II ndio wanatoa. Huyu kasoma mtandaoni, kachanganya, kaja kutupima. Paroko, wakala, mabati, mama anayevujiwa, kila kitu kimepangwa kama tamthilia. Mods unganisheni na ule uzi wa mchezaji aliyeitwa Ureno.

Bodaboda_Msomi
Nami nilisikia harufu ya tangawizi 🍵

Mwana_Mbulu
Mama yangu msimfanye tamthilia. Nimepiga picha barua, jina la chuo nimefunika. Someni wenyewe muone kama naota.

[picha]

Mdau_Maryland
Nimeisoma yote. Mpima_Chai uko sahihi kuhusu kanuni, lakini barua haina tatizo. Mtoa mada, rudi aya ya tatu. Msaada umetolewa kwa matokeo yake ya darasani na kwa hali ya kipato cha familia. Neno mbio halimo. Maana yake hata asipokimbia siku moja, hata avunjike mguu, msaada huo anao mradi alama zake zisishuke. Mkataba wa wakala unaweza kumharibia timu, ila kiti cha darasani haukigusi.

Sehemu iliyobaki ni chakula na bima. Lazima muonyeshe uwezo wa kuilipa mwaka wa kwanza, bila hivyo chuo hakitoi fomu ya I-20, na bila I-20 hakuna viza. Akishapata I-20 atalipia ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kuandikisha wanafunzi wageni, dola 350 mwenyewe kwenye tovuti ya serikali. Akitokea mtu anataka umtumie yeye hiyo hela kwa simu, mkimbie.

Mpima_Chai
Barua nimeiona. Wakala bado simwelewi. Kwa nini aje mwezi wa pili, wakati kijana ameshaanza kuongea na kocha?

Mwana_Mbulu
Hilo sijui. Anachosema ni kwamba mdogo wangu akiondoka tunarudisha hela mara mbili. Milioni sita sina. Ndiyo maana nilikuwa naona abaki tu.

Mzee_wa_Seminari
Kumbe swali lilikuwa hilo tangu mwanzo.

Dada_Karatu
Na yeye mwenyewe anasemaje? Watu wote wameongea humu, hadi goti la Mzee.

Mwana_Mbulu
Anasema anataka kwenda akasome, eti baadaye asomee udaktari wa mifugo, mbio zitakuja. Lakini ni mtoto, ana miaka 19.

Dada_Karatu
Mwezi wa pili ulimwona mtu mzima wa kusaini.

Kiptoo_wa_Bonde
Na 5,000 ni ngapi? Nauliza tena.

Mwana_Mbulu
14:40, Arusha, saa ya mkono.

Kiptoo_wa_Bonde
Huko Divisheni III kocha atafurahi. Kwa mbio za pesa za Ulaya bado sana. Huyo wakala alimnunua kwa sababu gani?

Mdau_Maryland
Mkataba upige picha kurasa zote, funika majina, nitumie PM. Usimlipe wala usimjibu wakala chochote kabla mwanasheria hajausoma. Na mwambie kijana amwandikie kocha leo, amweleze kwamba amesaini. Aandike yeye, si wewe.

Mwana_Mbulu
Kurasa ziko saba, za Kiingereza. Natuma usiku huu. Simu nimempa, anaandika.