Seva yenye kadi mbili za mtandao: majibu hutoka kwa kadi isiyo yake

Swali
Ndugu wataalamu, seva yangu ya Linux ina kadi eth0 (192.0.2.10), ambayo ndiyo yenye njia chaguo-msingi (inayotumika pale ambapo hakuna njia mahususi zaidi), na eth1 (198.51.100.10). Kompyuta zilizo kwenye mtandao mmoja na eth1 huifikia vizuri, lakini za mbali hazipati jibu, ingawa tcpdump (programu ya kutazama pakiti za mtandao) inaonyesha pakiti zao zikiingia eth1. Kosa liko wapi?

Jibu la 1
Kwa kawaida kerneli (kiini cha mfumo wa Linux) huchagua njia kwa kutazama anwani ya mwendako, si kadi ambayo ombi liliingilia, hivyo majibu yako hutokea eth0, na huenda yakatupwa huko njiani. Thibitisha kwanza kwa `ip route get 203.0.113.5 from 198.51.100.10` (203.0.113.5 ni mfano wa kompyuta ya mbali), kisha unda jedwali la pili la njia, litakalotumika kwa majibu yanayotoka anwani ya eth1:

`ip route add 198.51.100.0/24 dev eth1 table 100`
`ip route add default via 198.51.100.1 dev eth1 table 100`
`ip rule add from 198.51.100.10 table 100`

Tafadhali usiuache mstari wa kwanza, kwani bila huo hata majibu ya majirani yatapitia kwenye lango (198.51.100.1) bila sababu.

Jibu la 2
Naongeza kwamba ikiwa hakuna jibu linaloonekana kwenye kadi yoyote, utazame rp_filter, mpangilio wa kerneli unaokagua njia ya kurudi ya kila pakiti inayoingia: thamani 1 hutupa pakiti ambayo njia yake ya kurudi haipiti kadi iliyoingilia. Kerneli hufuata thamani iliyo kubwa kati ya ile ya `all` (ya kadi zote) na ya kadi yenyewe, kwa hiyo kubadilisha moja tu huenda kusitoshe.

Muulizaji
Imefanya kazi, asanteni sana. Sasa naziandika amri hizo kwenye faili la usanidi, maana hupotea seva ikiwashwa upya.