Naomba ushauri: mpiga besi mwenye majukumu, nishike nyimbo au mazoezi ya vidole?

Wakuu, habari za jioni. Nipo Mbeya, nina duka Mwanjelwa na familia, na napiga gitaa la besi kwaya ya usharika. Muda wangu ni watoto wakishalala, nusu saa hivi, na baridi hii ya mwezi wa saba vidole vinakakamaa.

Kila wiki mwalimu analeta wimbo mpya, basi muda wote unaishia kukariri. Skeli (kupanda na kushuka noti kwa mpangilio) sigusi. Nyimbo za taratibu naenda vizuri, ila likiingia sebene (ile sehemu ya kasi ya kuchezesha watu) mkono wa kulia unachoka, nyuzi nisizopiga zinavuma ovyo kwa kuwa sijui kuzizima, na mpiga dramu (hana huruma yule) ananiacha.

Mmoja ananiambia nyimbo zenyewe zitanifundisha. Mwingine, aliyesomea muziki, anasema nianze na metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) kwenye mapigo 60 kwa dakika, nikipokezanisha vidole viwili, ndipo wimbo ufuate. Mimi naona bora nichukue kile kipande kigumu cha sebene kiwe ndiyo zoezi, polepole.

Wenye kazi na familia, mnagawaje muda? Na kufanya mazoezi bila ampu (kikuza sauti cha gitaa) usiku, hakunizoeshi kupiga kwa nguvu kupita kiasi?