Niebuhr alipimaje latitudo na longitudo, na je, Dodoma tunaweza kurudia?

MwalimuNzuguni
Wakuu, habari zenu. Klabu ya jiografia ya kidato cha tatu inaandaa onyesho juu ya Carsten Niebuhr, Mjerumani aliyezaliwa 1733, aliyekwenda Uarabuni kwa gharama za mfalme wa Denmark. Anasifiwa kwa ramani yake ya Yemen, lakini vitabu tulivyonavyo havisemi alipimaje. Tuna mbao, uzi na sekstanti (chombo cha kupima pembe kati ya nyota na upeo) moja ya plastiki. Wanafunzi wanaweza kupata latitudo ya Dodoma kwa njia zake? Na kwa nini akumbukwe yeye kuliko wenzake?

Timazi
Mwalimu, hiyo sekstanti iacheni kabatini. Hapa hatuna upeo wa bahari, kwa hiyo mtalazimika kutumia bakuli la mafuta meusi kama kioo, na bakuli huzidisha pembe mara mbili. Sekstanti ya kawaida huishia nyuzi 120, yaani kimo (pembe ya Jua au nyota juu ya upeo) cha 60. Jua la adhuhuri Dodoma halishuki chini ya 60 hata tarehe 21 Juni, na mwanzoni mwa Machi linapita utosini kabisa.

Tengenezeni kwadranti: robo duara ya ubao, nusu kipenyo sentimita 60, uzi wa timazi ukining'inia kutoka kwenye kona. Kwa ukubwa huo nyuzi moja ni milimita 10.5, hivyo kukosea nusu milimita ni kukosea kama kilomita 5 ardhini. Upepo wetu wa kiangazi utayumbisha timazi, basi lizamisheni kwenye kikombe cha maji.

Msilenge Jua kwa macho. Lengeni nyota ya Suheli (Canopus), ambayo katikati ya Februari hufika juu kabisa upande wa kusini kwenye saa 3 usiku. Anzeni kusoma nusu saa kabla, kila dakika tano, mpaka kimo kianze kushuka. Chukueni kile kikubwa kuliko vyote. Mkipata 43°28', toeni kwenye 90: 46°32'. Suheli iko 52°42' kusini ya ikweta ya mbingu (ikweta ya dunia ikinyooshwa hadi angani). Toeni tena: 6°10' Kusini. Hiyo ndiyo Dodoma.

JedwaliLaMwezi
Latitudo ilikuwa kazi nyepesi. Kilichompa Niebuhr heshima kwa wapimaji ni longitudo. Alifundishwa Göttingen, Ujerumani, na mnajimu Tobias Mayer, aliyetunga majedwali ya mwendo wa Mwezi. Mwezi husogea kati ya nyota karibu nusu nyuzi kwa saa. Ukipima umbali wake kutoka kwenye nyota fulani, jedwali linakwambia ni saa ngapi Ulaya. Linganisha na saa ya hapo ulipo: kila tofauti ya dakika 4 ni nyuzi moja ya longitudo.

Ugumu wake ni huu: kosa la dakika moja tu ya pembe huzaa kosa la nusu nyuzi, karibu kilomita 55 kwenye ikweta. Kwa ubao msijaribu. Jaribuni adhuhuri ya kivuli: kivuli kifupi kuliko vyote Dodoma huangukia wastani wa saa 6:37 mchana kwa sababu saa zetu zinafuata nyuzi 45 Mashariki, nasi tuko karibu 35.7. Rekebisheni kwa tarehe, maana Februari Jua huchelewa dakika 14 hivi.

MsomaMaandishi
Kuhusu kukumbukwa: waliondoka Copenhagen Januari 1761 watu sita, akarudi peke yake Novemba 1767. Kati ya wenzake, Von Haven na Forsskål walifia Yemen 1763, Baurenfeind na mtumishi Berggren baharini mwaka huohuo, daktari Kramer Bombay 1764. Ila kumwita "aliyenusurika" tu ni kumpunja. Machi 1765, akiwa Persepolis, magofu ya mji wa kale wa Uajemi, alinakili maandishi ya kikabari (mwandiko wa kale wa alama zenye umbo la kabari) kwa uangalifu mkubwa, akatambua kuwa ni aina tatu za mwandiko na kwamba husomwa kutoka kushoto kwenda kulia. Nakala hizo ndizo msomi Mjerumani Grotefend alizozitumia 1802 kuanza kuyafumbua. Kwenye onyesho wekeni kwadranti meza moja na nakala ya mwandiko huo. Ni jicho lilelile lililofanya kazi zote mbili.