Naomba ushauri: nakwenda kwa mafundi wa bendera, niulize nini?

Wadau, salaam. Kikundi chetu cha matembezi kimenituma kwenye karakana ndogo ya kushona bendera, iko mtaa wa wasanii, ile mitaa ya kuta zenye michoro na maduka yanayofunguliwa mwenyewe akijisikia. Mafundi ni wawili tu, wanajitegemea, na wamekubali niwatembelee kabla sijaweka oda.

Kinachonitatiza zaidi ni kitambaa. Nailoni ni nyepesi, hupepea hata kwa upepo mdogo na hukauka upesi. Poliesta nzito huvumilia upepo mkali, lakini upepo ukiwa hafifu inalala tu mlingotini. Yetu itakaa nje mwaka mzima. Nichukue ipi?

Halafu nembo yetu ina maandishi. Bendera ikichapwa upande mmoja, kwa nyuma maneno yanasomeka kinyume. Ukitaka pande zote mbili zisomeke, vitambaa vinaunganishwa na bendera inakuwa nzito. Wapo wanaoniambia niyatoe maneno kabisa, zibaki rangi na alama. Nakubaliana nao, ila mwenyekiti wetu hataki hata kusikia. Nimshawishije?

Pia upande ulio mbali na mlingoti ndio huchanika kwanza. Nikiomba upindo wake upigwe mishono ya ziada, nitaonekana namfundisha fundi kazi?

Na kupiga picha kazi za wateja wengine, inafaa? Mliowahi kuagiza kwa mafundi wadogo, malipo ya awali mlitoa kabla au baada ya kuona sampuli?