Mrejesho: kofia ya joka imekamilika

Wapendwa, nimerudi. Niliuliza kwa nini joka ninalolifuma kwenye kofia, lile la ufalme wa kubuni ninaoupenda tangu utotoni, linakunjamana kila ninapobadili rangi. Mlisema nyuzi za nyuma, yaani zile za rangi isiyotumika zinazopita upande wa ndani wa kofia, nazivuta mno. Kweli kabisa! Nilifumua yote (iliniuma), nikaanza upya kwa sindano za milimita 4 badala ya 3.5. Safari hii nilitandaza vitanzi vizuri kabla ya kubadili uzi, na uzi wa nyuma nikaunasa (nikausokota na uzi ninaofumia) kila baada ya vitanzi 5. Kisha nikailoweka kofia, nikaianika ikiwa imelazwa. Mabawa yametulia, magamba yanahesabika! Jicho nimelidarizi mwishoni kwa uzi wa dhahabu. Asanteni sana, hasa aliyesisitiza nifume sampuli kwanza.