Mrejesho: Makro ya kuingiza bidhaa kwenye terminali ya 5250

Ndugu zangu, niliuliza kwa nini makro yangu (programu fupi inayobonyeza vitufe yenyewe) ya AutoHotkey, inayoingiza orodha ya bidhaa kutoka Excel kwenye mfumo wa ghala wa terminali ya 5250 (skrini ya maandishi ya kompyuta za IBM), ilikuwa ikiruka sehemu na kuchanganya idadi na bei. Mlishauri nipunguze kasi. Nilipoacha SendInput (amri inayotuma vitufe vyote kwa mkupuo) nikatumia SendEvent pamoja na SetKeyDelay (pumziko kati ya vitufe) ya milisekunde 50, herufi ziliacha kupotea ndani ya skrini moja. Tatizo likabaki baada ya Enter, kwa sababu kompyuta kuu hufunga kibodi mpaka itoe jibu, na muda wote huo alama ya X huonekana kwenye mstari wa chini. Kuweka Sleep (amri ya kusubiri) ndefu ni kubahatisha tu, hasa asubuhi mfumo unapoelemewa. Kwa hiyo nimehamishia kazi kwenye makro za VBScript za emuleta yenyewe (programu inayoonyesha terminali kwenye kompyuta), Personal Communications ya IBM, ambako autECLOIA.WaitForInputReady husubiri kibodi ifunguliwe ndipo makro iendelee. Aliyenitajia Field Exit (kitufe kinachofuta kilichobaki kwenye sehemu kisha kuhamia inayofuata) namshukuru kipekee: Tab huhamisha kishale tu na kuacha tarakimu za zamani, hivyo 12 ikiandikwa juu ya 4500 mfumo husoma 1200.